Sekunde Tisa Kwenye Namba Tano

Tantri, fundi wa redio na simu, aliitoa skrubu ya nne, akaitia kwenye kifuniko cha chupa pamoja na zile tatu za mwanzo, kisha akainua taratibu bati la juu la kisanduku. Inspekta Murti akasogeza kigoda chake karibu. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mji wa Salatiga, kisiwani Java, tangu adhuhuri, na mle dukani mwake, katikati ya redio mbovu na simu zilizopasuka vioo, hapakuwa na mteja mwingine.

"Usiguse kitu, Mbak," Murti alisema, akimwita dada kwa Kijava.

"Sasa nitakisomaje bila kukigusa, Bu? Kwa dua?" Tantri alimuuliza mama huyo wa polisi.

"Haya, gusa. Ila uniambie kwanza unagusa nini."

Ndani mlikuwa na kibao cha saketi chenye upana wa vidole viwili. Nyaya sita zilitoka kwenye kibao hicho, zikapita kwenye plagi moja nyeupe, zikaishia kwenye swichi ya kuzungusha, ile ya kizamani ya kuchagulia mawimbi ya redio. Swichi ilikuwa na vituo vitano. Kando ya kila kituo palikuwa na karatasi iliyobandikwa, maandishi ya kalamu, mkono wa mtu mzima asiye na haraka: moja, Salama. Mbili, Nimetoka. Tatu, Nimelala. Nne, Nahitaji kitu. Tano, Nisaidieni.

Aliyeyaandika alikuwa Pak Wignyo, fundi redio mstaafu, mgane wa miaka sabini na minne, aliyekaa peke yake kwenye kichochoro cha juu, upande wa mlima Merbabu. Swichi aliipigilia kwenye ubao wa kitanda chake, kisanduku akakiweka rafuni juu yake. Alhamisi asubuhi jirani yake, Bu Painah, alimkuta amelala sakafuni, kando ya kitanda, amekwisha kuwa baridi. Daktari akasema ni moyo, tena akasema hakufa siku hiyo. Alikufa Jumanne, kati ya alasiri na magharibi. Akazikwa Alhamisi hiyohiyo kabla jua halijazama.

Mambo yangeishia kaburini kama si simu iliyopigwa kituo cha polisi siku iliyofuata. Mpigaji alikuwa Wening, binti pekee wa marehemu, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme huko Taiwan. Murti aliliandika swali lake neno kwa neno: "Kama baba yangu alikufa Jumanne, Bu, ni nani aliyeniletea ujumbe Jumatano asubuhi kwamba yuko salama?"

Leo ilikuwa Jumatatu, na swali lilikuwa bado limekaa kwenye daftari bila jibu.

Tantri aliunganisha kibao na kompyuta yake. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo.

"Programu ameiandika kwa Python, lugha ya kompyuta," alisema. "Alianza kujifunza akiwa na miaka sabini, yule mzee. Swichi hii aliinunua hapahapa. Nikamwambia, Pak, chukua ya vituo kumi na viwili, bei ni ileile. Akacheka. Akasema hana mambo mengi kiasi hicho ya kumwambia mtu."

Murti hakucheka. "Nielekeze inavyosoma."

"Kila kituo kina mguu wake kwenye kibao. Mguu usioguswa unasoma moja. Ukizungusha swichi, ule waya wa katikati unaugusa mguu mmoja, unaupeleka kwenye ethi, njia ya umeme kwenda ardhini, nao unasoma sifuri. Programu inapita mguu kwa mguu, mara hamsini kila sekunde, inauliza: ni wewe? Ni wewe? Atakayejibu sifuri, hicho ndicho kituo."

"Kama mwalimu anayeita mahudhurio."

"Ndiyo hivyo, Bu."

"Na wakinyamaza wote?"

Tantri alishuka mpaka chini ya ukurasa. Akasoma, akasogea nyuma kidogo ili Murti aone mwenyewe. Chini ya maswali yote matano, mzee alikuwa ameandika kwamba ikiwa hakuna mguu ulioguswa, mashine ihesabu kituo ni cha kwanza. Pembeni akajiandikia sababu, ya kujikumbusha: Wening asishtuke bure.

"Fundi hafanyi hivi," Tantri alisema kwa sauti ya chini. "Fundi angeandika hitilafu. Waya umekatika, mashine iseme waya umekatika. Huyu ameiambia iseme salama."

Murti alinakili mstari ule kwenye daftari. "Ujumbe wa Jumatano?"

"Huu hapa. Kila siku saa moja asubuhi mashine inamtumia Wening kituo ilichopo. Hakuna mtu aliyeandika. Swichi ilikuwa kwenye moja, ikatuma moja."

Dhana ya kwanza ikafa. Tangu Ijumaa Murti alikuwa anamtafuta mtu aliyejifanya marehemu, na mtu huyo hakuwapo. Alilikata kwa mstari mmoja jina la kubuni alilompa daftarini.

"Na tano nayo inatumwaje?"

"Tano ina masharti. Lazima swichi ikae pale sekunde kumi mfululizo ndipo ujumbe uende. Nadhani ili mkono ukipita kwa bahati mbaya, usimtoe binti roho."

"Imewahi kutumwa?"

"Ameweka kumbukumbu ya kila badiliko, Bu. Ngoja." Tantri akafungua faili jingine, akalipitia mpaka chini. "Hii... Bu, hebu tazama saa."

Kila siku, saa kumi alasiri na dakika chache, swichi ilikuwa imetoka moja, ikapita mbili, tatu, nne, ikasimama kwenye tano. Sekunde tatu. Siku nyingine nne, siku nyingine sita. Kisha ikarudi: nne, tatu, mbili, moja. Tangu Agosti. Ijumaa, Jumapili, siku ya Idi. Mara mbili tu ndipo zilipotimia kumi, mara moja Oktoba na mara moja Januari. Siku nyingine zote mzee alinyoosha mkono akaurudisha mwenyewe.

"Alikuwa anaijaribu kama inafanya kazi?" Tantri aliuliza.

"Mtu wa kujaribu hujaribu mara mbili, tatu. Hesabu hizo siku."

"Ni zaidi ya mia mbili."

"Nipe Jumanne."

Jumanne swichi ilitoka moja saa kumi na dakika tisa. Mbili, tatu, nne, tano. Ikakaa sekunde tisa. Kisha moja. Baada ya hapo faili lilikuwa jeupe mpaka Alhamisi, askari aliyekuja kuthibitisha kifo alipoichomoa mashine kuipeleka kituoni.

"Sekunde tisa," Tantri alisema. "Imebaki moja tu, naye akarudisha."

Lakini Murti alikuwa ameweka kidole kwenye kioo. "Zi wapi nne, tatu na mbili?"

"Zipi?"

"Siku zote anarudi kwa njia aliyoendea. Jumanne katoka tano kaangukia moja. Hii swichi inazunguka mduara mzima?"

"Hapana. Ina kizuizi. Mwisho ni tano, huwezi kuvuka."

"Akizungusha kwa haraka sana?"

"Tujaribu."

Walijaribu. Murti alizungusha swichi kutoka tano hadi moja kwa nguvu zake zote, mara ishirini, mpaka kidole gumba kikawa chekundu. Mara zote mashine iliandika vituo vya kati, vyote vitatu au, alipokuwa mwepesi kabisa, viwili. Haikutokea hata mara moja ikakosa kuandika kitu.

"Sasa weka kwenye tano," Murti alisema, "kisha chomoa plagi."

Plagi nyeupe ilikuwa na ulimi mdogo upande wa chini. Tantri aliubonyeza kwa ukucha, plagi ikatoka. Kwenye kioo ikajiandika: tano, halafu moja.

Murti alitoa picha aliyopiga askari Alhamisi. Plagi ilikuwa mahali pake. Swichi ilikuwa kwenye moja.

"Basi tuseme hivi," alisema, akiongea na daftari zaidi kuliko na Tantri. "Mzee kashika tano. Sekunde ya tisa mtu kachomoa plagi. Mashine haioni kitu, inasema salama. Plagi ikiwa nje, mtu huyo kairudisha swichi kwenye moja, ndiyo maana vituo vya kati havikuandikwa. Kisha kachomeka tena. Chumbani walikuwa wawili, Mbak. Na huyo wa pili anajua ulimi wa plagi uko wapi."

Mtu wa kwanza mwenye ufunguo wa nyumba ile alikuwa Bagyo, mpwa wa marehemu, muuza vipuri vya pikipiki. Murti alimwita kwa simu naye akaja, koti la mvua likimwagika maji mlangoni.

"Mas," Murti alimwita kwa heshima ya kaka, "Jumanne saa kumi ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu, Bu. Kuna watu. Waulize."

"Nitawauliza. Hebu nichomolee plagi hii."

Bagyo alitazama kisanduku kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Akavuta. Akavuta tena, safari hii ameshikilia nyaya zenyewe, Tantri akampiga mkono.

"Utazikata! Pikipiki za watu unazifanya hivyohivyo?"

"Pikipiki hazina vidubwana kama hivi." Bagyo alijifuta uso. "Mimi vitu vya mjomba sijawahi kuvishika, Bu. Nilikuwa siji sana. Nikija ananikalisha mpaka jua lizame, hadithi za redio, redio, redio. Mtu una kazi." Akakung'uta koti lake. "Aliyekuwa akivishika ni Bu Painah. Kila Ijumaa anamfutia vumbi. Anateremsha kila kitu rafuni, hata hicho."

Murti alifunga daftari. Katika maelezo aliyotoa Alhamisi, Bu Painah alikuwa amesema alimwona marehemu kwa mara ya mwisho Jumatatu.

Jikoni kwa Bu Painah mlinukia tangawizi. Mama huyo wa miaka sitini alikuwa amekaa mbele ya sinia la viazi vitamu, kisu mkononi, na alimkaribisha mgeni kwa kumsogezea kiti kwa mguu.

"Mvua yote hii, Bu Inspekta! Keti. Ninywee chai, usiseme umeshiba, polisi hamshibi."

"Asante, Bu." Murti aliweka swichi mezani, kati ya maganda. "Hii unaijua?"

"Si ya marehemu? Mimi mambo ya umeme siyajui. Sijaigusa hata siku moja."

"Ijumaa si huwa unafuta vumbi?"

"Nafuta pembeni."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Ambarawa. Harusi ya mtoto wa dada yangu. Gari lilitupitia hapa, tukalala huko siku mbili. Uliza kichochoro kizima."

"Lilikupitieni saa ngapi?"

"Alasiri."

Murti alikubali kwa kichwa, akanywa chai. "Jumanne alasiri Pak Wignyo aliizungusha swichi mpaka tano. Tano ni kuomba msaada. Lakini Wening hakupata kitu."

"Si hazikutimia kumi," Bu Painah alisema, akimenya.

Kisu kiliendelea mara moja, mara mbili. Kisha kikasimama.

"Kumi nini, Bu?"

Bu Painah alikigeuza kiazi mkononi.

"Sijakwambia habari ya kumi. Haijaandikwa kwenye swichi wala kwenye ukuta. Imo ndani ya mashine, na sisi tumeikuta leo. Wewe unajuaje kwamba huhesabiwa kumi, na unajuaje kwamba Jumanne hazikutimia?"

Ganda refu la kiazi lilikuwa limening'inia kwenye kisu. Bu Painah alilitazama mpaka likaanguka lenyewe.

"Nilipita kumwachia ndizi," alisema. "Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamkuta amekaa kitandani, mkono uko pale. Akaniambia, kaa kidogo, Painah. Kila siku ni kaa kidogo. Ukikaa kidogo, magharibi inakukuta hapohapo."

"Rangi yake ilikuwaje?"

"Sikuangalia rangi yake, Bu. Niliangalia mkono wake."

"Jasho? Alikuwa anahema?"

"Nimekwambia sikuangalia!" Sauti ilimpanda, ikashuka. "Nilibonyeza plagi, nikaitoa, nikairudisha swichi kwenye moja, nikachomeka. Nikamwambia, Pak, nitakuja kesho. Akasema haya. Alisema haya tu. Jumatano dada akaniambia kaa, sahani bado hazijaoshwa, nikakaa. Alhamisi nikaja na uji."

Murti aliandika mistari minne, akaweka tarehe.

"Kwa nini ulichomoa? Ungeweza kumwacha tu, ukaenda zako."

"Nilichoka."

"Nini kilikuchosha?"

"Kuchoka. Mtu hachoki?"

Jibu lilikuja upesi mno, na Bu Painah alilisema huku amegeukia ukuta. Katika miaka ishirini na sita ya kazi Murti alikuwa amezoea watu wanaosema uongo ili wajiokoe. Mama huyu alikuwa anajitia hatiani, tena kwa pupa.

"Mtanifunga?"

"Nitaandika nilichokiona. Daktari amesema ni moyo. Sidhani kama kuna wa kukushtaki."

"Mngenifunga tu," Bu Painah alisema.

Murti aliomba radhi, akavuka kichochoro mpaka kwenye baraza la marehemu, kwa kuwa huko hapakuwa na wa kusikiliza. Alipiga namba ya Wening. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa katikati ya mvumo wa mashine.

"Subiri, Bu, natoka." Mlango, hatua, kisha sauti ikawa peke yake. "Umempata?"

"Hakuna aliyekuandikia Jumatano. Mashine ilituma yenyewe."

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu."

Wening alivuta pumzi. "Baba aliita?"

Murti alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu dukani. "Aliita. Jumanne, saa kumi na dakika tisa. Kuna mtu aliichomoa plagi kabla haijatuma. Ni Bu Painah. Amekiri. Anasema alikuwa amechoka."

Hatua zilisikika tena upande wa pili; Wening alikuwa anasogea mbali zaidi na mashine.

"Si kweli," Wening alisema mwishowe. "Hakuchoka. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Nilikuja mara mbili, Bu. Oktoba, na Januari. Namba tano ikaingia, nikapanda ndege bila hata begi. Mara zote mbili nilimkuta amekaa hapo barazani, amevaa batiki yake ya harusini, na vikombe viwili. Januari nilimfokea. Sijawahi kumfokea baba yangu, nikamfokea. Msimamizi alikuwa ameniambia nikiondoka tena nisirudi. Basi nikamwambia Bu Painah: ukimwona ameshika tano, chomoa. Alikuwa hajui pa kubonyeza. Nilimfundisha mwenyewe, kwa simu ya video. Chini kuna ulimi, nikamwambia. Una sekunde kumi."

Murti hakuandika. Mbele yake maji yalikuwa yanashuka kwenye ngazi za kichochoro, yakipita milango iliyofungwa mmoja baada ya mwingine.

"Ananificha mimi," Wening alisema. "Sivyo? Ndiyo maana amekwambia kachoka."

"Nadhani ndivyo."

"Halafu mbona hakuizungusha tena? Bu Painah alipoondoka. Swichi ilikuwa hapo, karibu na mkono wake. Mbona hakurudia?"

"Labda alianguka palepale. Labda alidhani imekufa. Hilo mashine haikuliandika, Wening, na mimi sitakudanganya."

Kengele ililia huko Taiwan, na kundi la watu likapita likizungumza kwa lugha ambayo Murti hakuijua. Wening alingoja wapite. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya kazi.

"Jumatano ni siku ya saba tangu mazishi. Nitakuwapo kwenye kisomo. Nikitua Semarang nitapanda basi. Bagyo nimemwambia asije. Mwambie Bu Painah ndiye aje kunipokea kituoni. Yeye, peke yake."

"Nitamwambia."

"Na Bu... mwambie aje hata kama hataki."

Murti alisimama barazani mpaka alipohakikisha kwamba simu imekatwa upande wa pili. Kisha akavuka tena, viatu vikijaa maji, akaingia jikoni bila kubisha hodi. Bu Painah alikuwa palepale. Viazi vilikuwa vilevile, nusu vimemenywa, na chai ya mgeni ilikuwa imeshikwa na utando juu.

"Nimeongea na Wening," Murti alisema. "Anakuja Jumatano. Ameomba wewe ndiye umpokee kituo cha basi."

Bu Painah alishika ukingo wa meza. "Anajua nilichofanya?"

"Anajua."

"Na... amekwambia?"

"Ameniambia yote."

Mama yule aliinamisha kichwa. Kisha akainuka. Akakiosha kisu, akakikausha kwa kanga, akakiweka mahali pake. Akayakusanya maganda yote kwa kiganja, akayamwaga. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa wa mtu mwenye shughuli.

"Basi la saa ngapi?" aliuliza.